Barua ya wazi kwa viongozi wa Jiji la Lubumbashi: aliyeibiwa asilazimishwe kuinunua mali yake

Kwa Mheshimiwa Meya wa Jiji la Lubumbashi,
Kwa Mheshimiwa Mwendesha Mashtaka wa Jamhuri, Lubumbashi,
Kwa Mheshimiwa Kamanda wa Polisi ya Kitaifa ya Congo, Lubumbashi,
Nakala kwa Waheshimiwa Burgomesta, yaani wakuu wa komuni zote saba zinazounda jiji.

Kuhusu: nyumba za rehani, wanunuzi wa vitu vilivyotumika, na haki ya aliyeibiwa kurudishiwa mali yake.

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima inayostahili vyeo vyenu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mkaaji wa mtaa wa Bel-Air katika Komuni ya Kampemba, na jiji hili ndilo lililonizaa, likanisomesha, kisha likanikabidhi watoto wake niwafundishe kwa miaka 24. Sikupenda kuandika barua itakayosomwa na kila mtu. Nilianza kwa njia ambayo raia huambiwa aanze nayo: nilitoa malalamiko kwa mdomo, halafu nikaandika barua mbili kwa ofisi mbili ambazo sitazitaja hapa, nikazipeleka kwa mkono na kugongewa muhuri kwenye nakala zangu. Ya kwanza imetimiza miezi saba bila jibu, ya pili miezi mitano. Kifungu cha 27 cha Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 kinampa kila Mkongomani haki ya kupeleka ombi kwa mamlaka ya umma, peke yake au pamoja na wenzake, na kinaitaka mamlaka hiyo ijibu ndani ya miezi mitatu. Kifungu hicho hicho kinakataza mtu kushtakiwa kwa sababu ya kuleta ombi kama hili. Kwa kukitegemea, nawaandikia leo.

Jambo linalonileta mbele yenu ni hili. Mtu akiibiwa hapa Lubumbashi, mara nyingi mali yake haiendi mbali. Hulala siku chache, au wiki chache, katika nyumba ya kukopesha kwa rehani, katika kibanda cha mnunuzi wa vitu vilivyotumika, au juu ya meza ya mfua dhahabu, mwendo wa miguu kutoka mahali ilipoibwa. Mwenye mali anaweza kuiona kwa macho yake mwenyewe, na bado asiwe na njia ya kuipata isipokuwa kutoa pesa na kuinunua. Mimi yamenipata, na tangu yanipate nimesikiliza majirani, walimu wenzangu na wazazi wa wanafunzi wangu wakinisimulia mambo yale yale, kila mmoja akidhani ni mkosi wake peke yake.

Usiku mmoja wa mwezi wa Machi, umeme ukiwa umekatika na sisi sote tukiwa kwenye matanga nyumba ya tatu kutoka kwetu, wezi walivunja dirisha la nyuma. Waliondoka na mashini ya kushona, simu ya mwanangu, mkufu wa dhahabu na herini alizoniachia marehemu mama, pamoja na saa ya mkono ya marehemu baba. Baba alifanya kazi Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, miaka 31. Saa hiyo aliinunua mwenyewe kwa mshahara wake, akaipeleka kwa fundi ili ichongwe herufi mbili za majina yake mgongoni, akaivaa mpaka siku aliyolazwa hospitalini. Aliyeichonga hakuwa fundi hodari: mguu wa herufi ya pili umepinda. Kwa sababu ya mguu huo uliopinda, ningeijua saa ya baba hata gizani, kwa kuipapasa tu.

Wiki tatu baadaye wifi yangu alikwenda kukomboa vitenge vyake katika nyumba moja ya rehani isiyo mbali na soko la Kenya (komuni ya hapa Lubumbashi, si nchi), akaiona saa ndani ya kabati la kioo. Akanipigia simu, nikaacha darasa kwa mwenzangu, nikaenda. Mwenye nyumba alinipokea vizuri. Aliniruhusu niigeuze, nikaona herufi. Nilipomwambia kwamba saa hii iliibwa kwangu, hakubisha na hakushangaa. Alisema: «Mama, mambo ya wizi mimi siyajui. Kuna kijana aliiweka hapa kwa dola 40, na sasa pamoja na faida ni 60. Lete 60, ubebe saa yako.» Nikamuuliza jina la kijana huyo. Akajibu kwamba hawaandiki majina, wanaandika kitu na bei tu.

Siku hiyo hiyo nilikwenda polisi. Niliombwa kwanza pesa ya petroli, kisha fakture, yaani karatasi ya duka, ya saa iliyonunuliwa kabla mimi sijaolewa. Mwishoni nilipewa hati ya kumwita mwenye nyumba ya rehani, na nikaagizwa niipeleke mwenyewe. Waheshimiwa, naomba mlitazame jambo hili kwa utulivu: mtu aliyeibiwa anatumwa, peke yake, akamwarifu anayeishika mali yake kwamba baada ya siku mbili ataulizwa habari za mali hiyo. Siku mbili zilipopita, saa haikuwa tena kwenye kabati. Tuliambiwa kwamba mteja alirudi, akalipa, akachukua rehani yake. Kijana ambaye juzi hakuwa na jina alikuwa amepatikana, amekuwa na dola 60, na ameondoka. Maelezo yakaandikwa, nikatia sahihi, nikarudi nyumbani.

Sisemi kwamba mwenye nyumba ile ni mwizi, wala simhukumu askari aliyenihudumia, kwa kuwa sijui anafanya kazi katika hali gani. Ninayoyalalamikia ni makubwa kuliko watu hawa wawili, na nayapanga hapa chini ili yaweze kujibiwa moja baada ya jingine.

1. Hakuna daftari. Nyumba hizi, ambazo wengi wetu tunaziita «banki Lambert» kwa jina la mitaani, hupokea simu, televisheni, mashini za kushona, vito, vitenge na hata karatasi za nyumba, bila kuandika nani amevileta. Mteja hupewa kipande cha karatasi chenye nambari, na nambari hiyo ndiyo mwenye kitu. Anayeileta ndiye anayekomboa. Karatasi ikipotea, hata mteja mwaminifu hawezi kudai chake. Kwa hiyo kukosekana kwa daftari kunamdhuru maskini aliyeweka kitu chake halali kama kunavyomdhuru aliyeibiwa, na anayefaidika ni yule tu asiyetaka kujulikana.

2. Rehani inamsafishia mwizi njia. Hapa naomba uvumilivu wenu, kwa sababu nadhani jambo hili halijaeleweka vizuri hata na wale wanaopambana na wizi kwa moyo wote. Kijana anayeuza saa nzuri kwa bei ya kutupa huamsha maswali. Mnunuzi hujiuliza imetoka wapi. Lakini anayeweka rehani haulizwi kitu. Ana shida, mtoto amelazwa, mwenye nyumba anadai kodi: nani atamhoji mtu mwenye shida? Anapewa theluthi moja ya thamani ya kitu, pengine chini ya hapo, naye hana nia hata kidogo ya kurudi. Mwezi unakwisha, faida inapanda mpaka nusu ya mkopo, na kitu kinakuwa mali ya mkopeshaji kwa sababu mwenyewe «ameshindwa kulipa». Anayekuja kukinunua baadaye anaelezwa habari ambayo kwa sehemu ni ya kweli: hii ni rehani iliyoachwa. Kuanzia hapo kila mtu ana jibu la kutoa. Mnunuzi alinunua dukani mchana kweupe, mkopeshaji alitoa pesa zake, na uongo pekee uliosemwa ni ule wa kijana wa kwanza, ambaye hakuna aliyeandika jina lake. Wizi umepita kwenye meza moja na kutoka upande wa pili ukiwa biashara.

Hata hivyo, katika kungoja huko huko ndimo mlimo nafasi ya aliyeibiwa. Kitu kilichowekwa rehani kinakaa mahali pamoja kwa wiki nne. Hakiko njiani kwenda Kasumbalesa, mpakani na Zambia, hakijafunguliwa vipande, hakijaandikwa jina jingine. Kiko ndani ya kabati, Lubumbashi, kinangoja. Hakuna wakati mwingine tangu dirisha linapovunjwa ambapo mali ya wizi ni rahisi kupatikana kama wakati huo, na sisi tunauacha upite kwa sababu kati ya polisi inayojua kilichoibwa na mkopeshaji anayejua kilicholetwa hakuna hata ukurasa mmoja unaosomwa na wote wawili.

3. Mzigo wote anatupiwa aliyeibiwa. Yeye ndiye anayetafuta, ndiye anayelipa usafiri wa askari, ndiye anayebeba hati ya wito, na ndiye anayedaiwa fakture. Ni nani kati yetu aliye na fakture ya mkufu wa mama yake? Vito katika familia zetu hutoka shingoni kwa mama kwenda shingoni kwa binti, mashahidi wakiwa shangazi na wajomba waliokaa kwenye arusi. Picha za arusi hizo zipo. Majirani wapo. Fundi aliyetengeneza kifungo cha mkufu yupo, na anakumbuka alipouunga. Kusema kwamba pasipo karatasi ya duka hakuna ushahidi ni kuwaambia watu wengi wa jiji hili kwamba mali zao si zao.

4. Aliyeibiwa anaambiwa akomboe. Naandika jambo hili kwa uchungu kwa sababu wengi wanakubali, na hata mimi ningekuwa na dola 60 siku ile ningekubali. Nimesikia wenzangu wakipongezana kwa kupatana bei nzuri ya kurudishiwa kilicho chao. Lakini pesa hizo zinakwenda wapi? Zinamlipa mkopeshaji mkopo aliompa mwizi, pamoja na faida. Maana yake wizi umelipwa mpaka franka ya mwisho, na aliyeulipa ni aliyeibiwa. Sheria zetu hazisemi hivyo hata kidogo. Kanuni ya Adhabu, Kitabu cha Pili, katika kifungu cha 101, inamwadhibu anayeficha vitu vilivyopatikana kwa kosa la jinai kwa kifungo kinachoweza kufika miaka mitano. Na Amri ya tarehe 30 Julai 1888 kuhusu mikataba, ambayo hadi leo ndiyo msingi wa sheria yetu ya madeni, inampa aliyeibiwa miaka mitatu ya kukidai kitu chake kutoka kwa yeyote atakayemkuta nacho, huku huyo aliyekutwa nacho akibaki na haki ya kumdai aliyempa. Mpangilio huo ni wa haki: mkopeshaji amdai kijana wake, asinidai mimi. Lakini ili amdai, lazima awe ameandika jina lake, na hapo tunarudi kwenye daftari.

5. Dhahabu haingoji. Simu na saa hukaa kabatini, lakini mkufu ukiingia kwenye tanuri ya mfua dhahabu, kazi imekwisha kabla chai haijapoa. Alama ya 750 iliyokuwa nyuma ya kifungo, inayoonyesha kwamba robo tatu yake ni dhahabu halisi, inayeyuka pamoja na mengine yote. Mkufu wa mama sijauona tena na sitegemei kuuona. Fundi mmoja mzee, mtu mwema, aliniambia kwamba inawezekana tayari umekuwa pete mbili kwenye vidole vya bwana na bibi arusi wasiojua lolote. Sina kinyongo nao.

6. Mali iliyokamatwa hupotea mara ya pili. Wapo waliobahatika: kitu kimepatikana, kimekamatwa, kimeandikwa kama kielelezo cha kesi. Kinabaki kituoni au mahakamani mpaka kesi iishe, na kesi haiishi. Mshonaji mmoja wa Katuba amekaa miezi kumi akikodi mashini ya mwenzake, huku mashini yake mwenyewe, anayoijua ilipo, ikipata kutu kwenye baraza la ofisi.

7. Kuhusu simu, nitasema machache. Kila simu ina nambari ya IMEI yenye tarakimu 15, na mtu huiona kwa kubonyeza *#06#. Mwaka 2020 tulianza kukatwa pesa kwa ajili ya RAM, rejista ya vifaa vya simu, na tuliambiwa kwamba itasaidia pia dhidi ya wizi. Rejista hiyo ilifutwa mwaka 2022 baada ya malalamiko ya wananchi, na aliyeibiwa simu amebaki pale pale alipokuwa.

Waheshimiwa, najua baadhi ya majibu ninayoweza kupewa, kwa kuwa nimekwisha kupewa nikiwa nimesimama mbele ya meza za maofisa.

Jibu la kwanza ni kwamba nyumba hizi zinawasaidia maskini, na kuzibana ni kuwabana wao. Nalichukua jibu hili kwa uzito wote, kwa sababu mimi ni mmoja wa hao maskini. Mara mbili nimeweka vitenge vyangu gaje, yaani rehani, mwezi wa Septemba ili watoto waanze shule, na mara zote mbili nimevikomboa. Mshahara wa mwalimu unapochelewa, benki haifungui mlango. Anayefungua ni mkopeshaji wa mtaani. Siombi zifungwe. Naomba tu kwamba siku nilipopeleka vitenge vyangu, mkopeshaji angekuwa ameniuliza jina na kuangalia karata yangu ya mpiga kura. Ningempa bila kusita, na mtu yeyote mwenye kitu chake halali angempa vivyo hivyo.

Jibu la pili ni kwamba kazi hii si rasmi, hivyo haiwezi kusimamiwa. Lakini Sheria nambari 11/020 ya tarehe 15 Septemba 2011 kuhusu mikopo midogo iliiweka kazi ya kukopesha chini ya kibali cha Benki Kuu ya Congo, na tangu wakati huo hakuna anayeweza kusema kwamba jambo hili halikufikiriwa na mtunga sheria. Isitoshe, wakusanya kodi wa masoko yetu wanaijua kila meza na kila mlango. Hakuna kibanda kinachofungua bila wao kukijua. Palipofikiwa na kitabu cha risiti za kodi, daftari la rehani nalo litafika.

Jibu la tatu ni uhaba: hakuna kompyuta, hakuna mtandao, hakuna bajeti. Daftari la kurasa 200 linauzwa kila mahali mjini. Nchi ambazo biashara ya rehani ni ya zamani zilianza kuisimamia kwa wino na karatasi, karne nyingi kabla ya kompyuta. Nyumba ya rehani ya Brussels ilianzishwa mwaka 1618, na hadi leo ni taasisi ya umma. Huko Ufaransa muuzaji wa vitu vilivyotumika analazimika kuandika kila anachonunua na kila aliyemuuzia katika daftari ambalo polisi wanaweza kulifungua wakati wowote, na kutolitunza ni kosa la jinai. Na tusiende mbali: Afrika Kusini, ambako wafanyabiashara wetu huenda kuchukua bidhaa, ina sheria ya mwaka 2009 inayowataka wauza vitu vilivyotumika, pamoja na wenye nyumba za rehani, wajiandikishe kwa polisi, waandike kitambulisho cha mleta kitu, na wakae na kitu hicho siku 7 kabla ya kukiachia. Afrika Kusini nako wezi hawajakwisha. Lakini aliyeibiwa anajua akaulize wapi, na kwa siku ngapi.

Liko pia jibu la nne, ambalo husemwa kwa sauti ya chini: kwamba mkibana hapa, vitu vitavuka mpaka kwenda kuuzwa nje. Baadhi vitavuka, ndiyo. Lakini kijana aliyevunja dirisha langu hakuwa na gari wala mshirika wa nje ya nchi. Alikuwa na haja ya dola 40 asubuhi iliyofuata, naye alizipata kwa kutembea kwa miguu. Wezi wa aina hiyo ndio wanaotuibia sisi wa Kampemba, Katuba, Kenya na Ruashi.

Sasa naeleza ninachoomba, kwa kila mmoja wenu katika mamlaka yake.

Kwako Mheshimiwa Meya, naomba utoe amri inayomlazimu kila anayekopesha kwa rehani, kila anayenunua vitu vilivyotumika na kila mfua dhahabu atunze daftari ambalo kurasa zake zimewekewa nambari na kugongwa muhuri na komuni yake. Humo iandikwe tarehe, maelezo ya kitu pamoja na alama zake na nambari yake, IMEI kama ni simu, uzito kama ni dhahabu, jina na nambari ya kitambulisho cha aliyeleta, na sahihi au alama ya kidole chake. Kitu kilichonunuliwa moja kwa moja kisiuzwe wala kubomolewa kabla ya siku 15, na dhahabu isiyeyushwe kabla ya siku 30. Kwa vitu vya rehani mkopeshaji hatapoteza hata franka moja kwa masharti haya, maana tayari anavitunza mwezi mzima. Naomba pia kila komuni ibandike ukutani, kila Jumatatu, orodha ya vitu vilivyoripotiwa kuibwa katika wiki iliyopita, na orodha hiyo hiyo itumwe kwa WhatsApp kwa wakopeshaji waliojiandikisha, ili asiwepo wa kusema kwamba hakujua.

Kwako Mheshimiwa Kamanda, naomba hati ya wito isiwekwe tena mikononi mwa aliyeibiwa. Raia anapokuja na kusema kwamba ameiona mali yake mahali fulani, askari aende naye saa hiyo hiyo, kitu kikamatwe kwa maandishi mbele ya mwenye nyumba, na maswali yaulizwe baadaye. Kila malalamiko ya wizi yapewe nambari, na mlalamikaji apewe karatasi yenye nambari hiyo bila malipo. Najua askari wengi wanafanya kazi bila petroli na bila vifaa, na kama uhaba huo ndio unaowafanya wawaombe pesa walioibiwa, basi usemwe wazi katika bajeti, tuujue na tuudai pamoja nanyi.

Kwako Mheshimiwa Mwendesha Mashtaka, naomba uwakumbushe kwa maandishi maofisa wote wa upelelezi mambo mawili. Kwanza, kwamba picha, mashahidi, alama zilizochongwa na maelezo yaliyotolewa kabla kitu hakijaonekana ni ushahidi wa umiliki, na fakture isiwe sharti la kumsikiliza mtu. Pili, kwamba kitu kilichokamatwa, ambacho mwenyewe hana ubishi na mtu, kipigwe picha, kielezwe kwenye faili, kisha arudishiwe kwa sahihi ya kuahidi kukileta kikihitajika mahakamani. Mshonaji wa Katuba angeweza kurudi kazini kesho. Naomba pia kifungu cha 101 kitumike kwa mkopeshaji ambaye, baada ya kuarifiwa kwamba kitu ni cha wizi, anakiacha kiondoke. Kwa asiyejua naomba huruma. Lakini aliyeambiwa, akaonyeshwa herufi mgongoni mwa saa, na siku ya pili saa ikatoweka, huyo amejua.

Naomba jibu la maandishi ndani ya miezi mitatu ambayo Katiba imeiweka, na naomba litolewe hadharani, kwa kuwa wanaolingoja si mimi peke yangu. Niko tayari kufika mbele yenu siku yoyote baada ya saa za masomo, pamoja na wifi yangu aliyeiona saa, na pamoja na wenzangu kumi na wawili wa mtaa wetu waliokubali kueleza yaliyowapata.

Saa ya baba ni ya chuma, uso wake ni mweupe, ukanda wake ni wa ngozi ya kahawia uliowahi kushonwa kwa uzi mweusi karibu na kifungo. Mgongoni ina herufi mbili, na mguu wa herufi ya pili umepinda kuelekea kulia. Atakayeiona, au aliyekwisha kuinunua kwa nia njema, aipeleke kwa burgomesta wa komuni yoyote kati ya saba waliopata nakala ya barua hii, nami nitakuja kumshukuru.

Pokeeni, Waheshimiwa, heshima zangu.

Mwalimu wa shule ya msingi, mkaaji wa Bel-Air, Komuni ya Kampemba, Lubumbashi
(Jina langu kamili, anwani yangu na nakala za barua mbili za mwanzo zimeambatanishwa kwenye nakala zilizopelekwa kwa mkono katika ofisi zenu.)